Hela inatokaje? Nilivyopima masomo ya uwekezaji ya mtandaoni

Mimi nauza mashuka na mapazia ya mitumba pale Memorial, Moshi, na kwa bahati mbaya ndiye mweka hazina wa kikoba chetu. Nasema bahati mbaya kwa sababu Agosti mwaka jana mwenyekiti alisimama akasema hela imelala tu, mweka hazina akatuangalizie mtandaoni pa kuiweka mpaka tuvunje Desemba. Tuko wanawake 22, hisa yetu ni 5,000, na siku ile baada ya mikopo kutoka ilibaki milioni moja na laki nane na chenji. Wote wakapiga makofi. Bibi mmoja tu, anauza ndizi karibu na stendi, ndiye aliyeuliza: "Sawa mwanangu. Lakini hiyo hela inatokaje?"

Swali hilo ndilo nililotembea nalo miezi mitatu mtandaoni. Nawaambieni, kuingiza hela kila mtu anakufundisha, tena kwa mbwembwe. Kuitoa, wengi wanapita pembeni.

Nianze na pabaya, maana ndiko nilikolipia. Kuna darasa la WhatsApp, jina nalihifadhi, ada 30,000. Siku tatu za kwanza ni sauti ndefu za mwalimu: badili fikra, tajiri haamki saa mbili, umaskini ni roho. Mimi naamka saa kumi kuwahi kufungua belo, roho hiyo sijui imeniingilia saa ngapi. Siku ya nne ikaja PDF ya kurasa 14. Kurasa tisa zilikuwa zimenakiliwa kutoka tovuti ya UTT AMIS, kampuni ya serikali inayokusanya hela za watu wengi kwenye mifuko ya uwekezaji, tovuti ambayo mtu yeyote anaisoma bure. Ukurasa wa sita ulikuwa bado na nusu ya nembo juu kabisa, imekatwa vibaya kama kitambaa kilichokatwa na mkasi butu. Siku ya sita likaletwa jambo lenyewe: kiungo cha biashara ya fedha za kigeni, faida kila wiki. Nikauliza swali la bibi. Akajibu, "Dada, usiwaze kuvuna kabla hujapanda."

Kupanda! Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 2009 neno hilo tunalijua. DECI, ule upatu ulioondoka na hela za watu, nayo ilikuwa ya kupanda na kuvuna.

Laiti ningeanzia kwenye tovuti ya CMSA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Haina mvuto hata kidogo, kwenye simu yangu maandishi ni madogo kama ya kwenye karatasi ya dawa, lakini ina orodha ya wenye leseni: madalali, washauri wa uwekezaji, mameneja wa mifuko. Nikatafuta jina la mwalimu wangu. Hakuna. Nikatafuta jina la kampuni aliyoitaja. Hakuna. Dakika tano na bando kidogo. Kwa kazi hiyo moja naipa alama za juu, ingawa sidhani kama kuna mtu atakaa kuisoma kwa raha.

Sasa UTT AMIS. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipojifunza kweli, na nilijifunza kwenye jedwali, si kwenye maelezo. Maelezo yao mengi ni ya Kiingereza cha ofisini, na ya Kiswahili ni mafupi mno, yanakuacha pale ulipoanza kuelewa. Lakini kila siku ya kazi wanatoa bei ya kipande, yaani sehemu unayonunua ndani ya mfuko, kwa kila mfuko: Umoja, ambao ni wa tangu 2005, Wekeza Maisha, Watoto, Jikimu, Ukwasi, Hatifungani. Kila mstari una bei mbili: ya wao kukuuzia kipande na ya wao kukinunua kutoka kwako. Nilitazama jedwali lile mara tatu bila kuona kitu. Mara ya nne nikaona kwamba kwenye mstari wa Ukwasi bei hizo mbili zinalingana, na kwenye mstari wa Umoja hazilingani, ya kukinunua iko chini.

Nikachukua kikokotoo. Pengo ni asilimia moja. Yaani kipande kikiuzwa 1,000, ukikirudisha siku hiyo hiyo unapewa 990. Kwa milioni moja na laki nane ya kikoba hiyo ni 18,000, shuka mbili za Kiingereza zisizo na doa. Kwa mtu anayeweka miaka kumi, 18,000 si kitu. Kwa sisi tunaovunja Desemba ni kitu. Jibu la bibi lilikuwa limekaa pale, kwenye safu ya mwisho, na hakuna video hata moja kati ya nilizotazama iliyonionyesha.

Ukwasi unaanza na 100,000, ukiongeza ni kuanzia 10,000, na ukiomba hela yako ni siku tatu za kazi. Kwa wiki nane, kila Jumatatu, niliandika bei ya kipande kwenye kaunta buku langu, pembeni ya madeni ya wateja. Inapanda kidogo kidogo, kama mtoto anayeota meno: kila siku huoni kitu, ukija kuangalia mwezi umeisha limetokeza. Kasoro yao kubwa, mbali na lugha, ni kwamba hawakukalishi chini wakakuambia mfuko upi unafaa hela ya miezi minne na upi wa ada ya mtoto aliye darasa la kwanza. Hilo unalipasua mwenyewe.

Soko la Hisa la Dar es Salaam nalo lina tovuti na lina programu ya Hisa Kiganjani. Wanaofundisha hisa mtandaoni wana wimbo mmoja: ungenunua CRDB mwaka 2009 kwa shilingi 150, leo ungekuwa wapi? Ni kweli, 150. Lakini hao hao hawakuambii habari ya Vodacom, iliyouzwa 850 mwaka 2017, na baadaye bei ikashuka chini ya hapo ikakaa. Fungua taarifa ya soko ya siku moja, usitazame bei, tazama idadi ya hisa zilizouzwa. Kampuni kadhaa utakuta sifuri. Kesho yake sifuri. Bei imeandikwa pale, nzuri, inang'aa, lakini hakuna aliyenunua. Ni sawa na mimi kubandika 40,000 kwenye pazia halafu niseme nina 40,000. Kama darasa la kutofautisha bei na mnunuzi, taarifa ile ni bora kuliko lile nililolipia. Kwa hela ya kikoba, hapana.

Benki Kuu niliingia kwa sababu mume wangu alisikia habari za hatifungani za miaka 25, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba. Ya kwanza ya muda huo ilitoka Aprili 2021 kwa riba ya asilimia 15.95, na video zilizotengenezwa wakati ule bado zinazunguka kana kwamba riba ni ile ile mnada hadi mnada. Siyo. Tovuti ya Benki Kuu ina matangazo ya minada na matokeo yake, angalieni pale kwanza. Kiwango cha chini ni milioni moja, riba inalipwa kila miezi sita. Kwa ile ya 2021 milioni ingekuletea 79,750 kila nusu mwaka. Mume wangu akafurahi. Nikamuuliza tukikwama mwaka wa tatu je? Ukitaka kutoka mapema unamtafuta dalali, anaiuza sokoni, na bei unayopata ni ya siku hiyo, inaweza kuwa juu au chini ya uliyonunulia. Maelezo hayo yapo, ila yamejificha kwenye nyaraka zilizoandikwa kwa ajili ya mabenki. Akanyamaza, akaomba rimoti.

Video za YouTube nitazipitia haraka. Wakenya wanafundisha vizuri kuliko sisi, hasa bajeti, sacco na mambo ya madeni, na wanaongea kwa mifano ya watu wa kawaida. Ila ukifika kwenye kodi na mahali pa kuweka hela, zima: sheria zao ni zao, na M-Akiba, hatifungani ya serikali yao ya kununua kwa simu, haikuhusu wewe wa Moshi. Tovuti za Kimarekani kama Investopedia ni kamusi nzuri mno ya maneno. Nilisoma maana ya hatifungani pale nikaelewa. Ukurasa uliofuata ukawa wa akaunti zao za kustaafia, nikafunga.

Nilijaribu pia programu ya kuandika matumizi ambayo inasoma meseji za simu yenyewe. Meseji zangu zote za miamala ni za Kiswahili. Mwisho wa mwezi ikaniambia sijapokea wala kutumia chochote. Kaunta buku shilingi elfu chache, na halihitaji chaji.

Oktoba niliweka 100,000 yangu mwenyewe kwenye Ukwasi, nikaongeza 20,000, nikaacha wiki tatu. Halafu Jumatatu moja nikaomba nitoe 20,000, si kwamba nilikuwa na shida nayo. Alhamisi hela ikaingia. Siku ya kikao niliwasomea matokeo, mwenyekiti akasema basi tuanze utaratibu wa kufungua kwa jina la kikundi. Bibi wa ndizi akasema ngoja kwanza. Akatoa miwani kwenye kitenge, akanyoosha mkono nimpe simu, akaisoma ile meseji polepole mpaka mwisho, tarehe, kiasi, salio. Akanirudishia.

"Sasa andika jina langu," akasema.