Kupokea simu za 911, namba ya dharura ya Marekani, jimboni Florida: ulipie chuo au uajiriwe kwanza?

Njia zote mbili zinapita palepale: mafunzo ya saa 232 na mtihani wa jimbo wa kupata cheti. Ukienda chuo cha ufundi, ada unaitoa mfukoni na kazi bado huna. Afadhali tu kwamba unakosea darasani. Ukiajiriwa kwanza, mshahara unaingia huku unajifunza. Unavaa hedifoni, umekaa kando ya mwenye cheti. Mpigaji analia, wewe unauliza "Uko wapi?" kabla ya "Kuna nini?", unachapa huku unasikiliza, na ukikwama mwenye cheti anaichukua simu. Hapo ndipo utajua kama zamu za usiku unaziweza. Mimi ningeomba kazi kwanza. Chuo kinamfaa aliyekwisha nyimwa nafasi, au anayechapa kwa vidole viwili.