Breki za tela madukani Dar: ipi inafaa tela lipi

Swali la kwanza utakaloulizwa kwenye duka la spea Gerezani ni ukubwa wa dramu, yaani ngoma ya breki iliyo ndani ya tairi. Ni la lazima, ila kuna matatu ya kujibu kabla yake: tela litavutwa na gari gani, litakuwa na tani ngapi likijaa, na litashuka mlima gani. Tela la kuhamisha jenereta kwenda Kigamboni haliwezi kupewa breki za tela linaloshuka Kitonga na mzigo wa shaba.

Kwa tela dogo chaguo letu ni breki ya kusukumana, ile yenye majina kama AL-KO na Knott. Haina waya wa umeme wala upepo. Dereva akikanyaga breki, tela linamsukuma kwa nyuma, bomba la ulimi wa tela linaingia ndani, linapiga mkono wa chuma, na mkono unavuta fimbo na kebo zinazotanua shuu, vile vipande vinavyosugua dramu kwa ndani. Kwa hiyo inatumika kwenye gari lolote lenye mpira wa kuvutia (tufe la chuma la kufungia tela nyuma ya gari), na hilo ndilo linaloipa ushindi kwa tela la kukodisha. Kikomo chake kwa kanuni ya kimataifa R13 ni tani 3.5, uzito wa tela na mzigo pamoja. Udhaifu wake uko kwenye mteremko mrefu: kila gari linapozuiwa na gia, tela linasukuma na shuu zinasugua, hivyo dramu zinapata moto hata mguu usipogusa pedali.

Inaharibiwa zaidi na marekebisho mabaya. Fundi akiona hendibreki inapanda sana, anakimbilia kukaza nati ya fimbo katikati. Hapo ameua nafasi ya shuu, na tela litagoma kurudi nyuma. Anza kwenye tairi: inua, shusha hendibreki, zungusha tairi kwa mwelekeo wa mbele tu huku ukikaza ajasta (skrubu inayosogeza shuu) mpaka izuie, kisha legeza mpaka izunguke huru. Ukimaliza tairi zote ndipo uguse fimbo, kuondoa ulegevu tu. Shokapu ya ulimi ipime tela likiwa limefunguliwa kwenye gari: vuta hendibreki, sukuma ulimi ndani. Uingie kwa ubishi na utoke wenyewe polepole. Ukiingia kirahisi na kubaki huko, shokapu imekufa, na ukiwa njiani utasikia tela linagonga kila unapofunga breki.

Kwa tela la boti linaloingia baharini Msasani, tafuta dramu zenye njia ya kusuuzia kwa maji yasiyo na chumvi, na ukiegesha weka vizuizi vya tairi badala ya kuacha hendibreki imevutwa, maana lainingi (sehemu ya shuu inayosugua) zinaganda kwenye dramu.

Breki ya umeme ni nzuri zaidi kwa dereva, ila ina masharti. Ndani ya dramu kuna sumaku inayovutwa na sahani ya chuma na kusukuma shuu. Kidhibiti kinakaa karibu na usukani, na tela likianza kuyumba unaweza kulifunga lenyewe kwa kidole bila kugusa breki ya gari. Lakini ni ya volti 12. Hilux iko sawa. Canter nyingi ni za volti 24, ukiunganisha moja kwa moja sumaku zinaungua. Sumaku moja ya dramu ya inchi 10 au 12 inakula takriban ampea 3, kwa hiyo ekseli mbili ni ampea 12 hivi. Tumia waya wa milimita za mraba 4 au zaidi, na uvute waya wa hasi mpaka kwenye betri. Anayeutegemea mpira wa kuvutia upitishe hasi ataishia na breki zinazokuja na kuondoka. Bila betri ndogo na swichi ya kukatikia juu ya tela, ile inayofunga breki tela likikatika kwenye gari, usinunue.

Kwa matela mazito zaidi ni breki za upepo, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Bomba jekundu linaleta upepo wa kudumu, la njano linaleta amri ya pedali. Ukiyaunganisha kinyume tela halitembei, kwa sababu springi za busta (kopo la upepo linalosukuma breki) hazipati upepo wa kuzirudisha. Kipimo cha kuamini ni safari ya fimbo ya busta. Kwa busta ya namba 30 ya kawaida kikomo ni milimita 51. Dramu ikipata moto inapanuka na kuikimbia shuu, fimbo inalazimika kwenda mbali zaidi. Kama fimbo ilikuwa imefika mwisho dramu ikiwa baridi, katikati ya Kitonga haina pa kwenda, hata geji ikisoma bar 8.

Kwa hiyo lipia slaki ajasta za otomatiki, yaani mikono inayounganisha fimbo ya busta na breki na kujikaza yenyewe. Na zikihitaji kukazwa kwa mkono kila mara, usizikaze tena: tafuta bushi ya kamu (chuma kinachozunguka na kutanua shuu) iliyolika au ajasta iliyokufa. Usichanganye ukubwa wa busta kwenye ekseli moja, tela litavuta upande. Busta ya springi isifunguliwe gereji kwa nyundo na patasi. Springi ile inaua.

Ukinunua tela lililotumika kutoka Ulaya lenye EBS (breki za upepo zinazoongozwa na kompyuta), angalia kwanza kama kichwa cha lori lako kina soketi ya EBS ya pini saba, si ile ya taa. Bila hiyo unalipia kompyuta ambayo huenda isikufanyie kazi kikamilifu. Ingia pia chini ya tela na tochi; ekseli ambayo bomba lake la upepo limezibwa kwa bolti iondoe kwenye bei, au liache tela.