Mama wa samaki Malindi, mizani yake haipunji

Jamani wapenda samaki, kuna mama anauza changu na tafi huku karibu na ufuo, bei si rahisi sana nisiwadanganye, na akianza kupaa samaki utasimama mpaka miguu iume, ila mizani yake iko sawa kabisa. Juzi nishaingia kwenye tuktuk naskia ananiita, "kaka rudi nimekupunja robo kilo!" Nikamtania ati anatafuta mbingu kwa samaki, akacheka, akasema haki mbele za Mungu alipewa bure kwa kumwamini Yesu, mizani ni shukrani tu, alafu Mithali 11:1 iko wazi kuwa Bwana anachukizwa na mizani ya hadaa. Barafu aongeze lakini, mchana inaisha.