TAHADHARI: Peni sita ni halali, mkunjo ni wa juzi

Jamani, yule muuzaji wa peni sita, sarafu za fedha za mfalme William III wa Uingereza, karudi kwa jina jipya, na watu wamepigwa tena. Inauma na inatia aibu, maana waliopigwa si wageni wa sarafu.

Tangazo lenyewe lilikuwa safi. Sarafu iko juu ya mizani, gramu 2.7. Ilipotoka mtamboni ilikuwa gramu 3 hivi, kwa hiyo kulika kwake kunaeleweka. Chini ya kichwa cha mfalme kuna herufi B, alama ya kiwanda cha sarafu cha Bristol, 1696 na 1697. Ina mikunjo miwili inayopingana, umbo la S kabisa, vile vijana wa Uingereza walivyozikunja kuwapa wachumba wao. Ikaja kupimwa ikining'inia majini: uzito ukapungua gramu 0.26. Ya bandia, ya shaba nyeupe au ya njano, ingepungua karibu 0.3 na zaidi. Fedha halisi! Nani angekataa?

Na hapo ndipo anapowanasa: sarafu ni ya zamani kweli, mkunjo ni wake. Ananunua peni sita zilizolika, za bei ya chini, anazifunga kitambaa, anazikunja kwa koleo, kisha anazifungia mfukoni pamoja na yai la kuchemsha ili salfa izitie weusi. Sarafu imevuka miaka 300, yeye anaiharibu kwa tamaa ya dakika mbili. Afungiwe kila akaunti. Arudishe hela za watu, tena zote.

Tazameni mgongo wa mkunjo. Uliobebwa mfukoni miaka mingi huwa umelika kuliko bonde lake, na bondeni hubaki mabaki ya picha. Wa kwake umelika sawasawa juu na chini, na kwenye mgongo kuna nyufa ndogo zinazong'aa. Ukingo umebonyea pale koleo liliposhika. Ulaini peke yake si ushahidi, kwani nyingi zilisuguliwa kabla ya kukunjwa. Dai picha ya ubavuni. Zake zote zimepigwa kutoka juu.

Sheria ya Udanganyifu ya Uingereza ya 2006 inampa mtu wa namna hii hadi miaka 10 jela, na anaistahili. Mlionunua, pelekeni polisi tangazo, risiti na bahasha. Msijaribu kuinyoosha sarafu: inaweza kukatika kwenye mkunjo, na ushahidi utakuwa umekwenda nao.