Uzoefu wangu: kuzungushwa Gettysburg na mwongoza watalii mwenye leseni

Ukienda Gettysburg, Pennsylvania, uwanja wa mapigano ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, bila mtu wa kukueleza, utaona mashamba, mizinga na minara ya kumbukumbu. Minara yenyewe imezidi 1,300, na mingi imeandikwa majina ya vikosi na majimbo yao. Ila walikuwa wakiuana kwa sababu gani, hilo mawe hayakwambii. Ndiyo maana naipendekeza kwa moyo wote huduma ya waongoza watalii wenye leseni, niliyoitumia pamoja na mume wangu tulipotoka Maryland tunakoishi.

Kuingia kwenye hifadhi ni bure. Unayemlipa ni mwongozaji, na malipo ni ya gari, si ya kichwa, kwa hiyo familia ikijaza gari inapata nafuu. Anaingia kwenye gari lenu, anashika usukani mwenyewe, nanyi mnakaa mkisikiliza. Ziara ya kawaida ni saa mbili. Leseni hizi zimekuwapo tangu 1915, na haipewi mtu mpaka afaulu mitihani ya kuandika na ya mdomo. Ujuzi huo unauona: wa kwetu hakuwa na karatasi mkononi, na kila swali alilijibu kwa kuonyesha mahali lilipotokea jambo lenyewe.

Kabla hamjaondoka atawauliza mnapenda kusikia nini. Msiseme "chochote tu". Niliwahi kupanda basi la watalii kwenye uwanja mwingine wa vita hivyo hivyo, nikasikilizishwa habari za majenerali na farasi wao mwanzo hadi mwisho, utumwa ukatajwa kwa kupita. Safari hii tulimwambia wazi: tunataka utumwa uwe kiini cha maelezo.

Alituelewa mara moja. Alieleza kwamba jimbo la South Carolina lilijitenga na Muungano, yaani nchi ya Marekani, tarehe 20 Desemba 1860, muda mfupi baada ya Abraham Lincoln kuchaguliwa kuwa rais, na majimbo mengine 10 ya Kusini yakafuata. Wapo wanaodai hadi leo kwamba majimbo hayo yalitetea haki zao tu. Jibu la mwongozaji wetu lilikuwa tamko la Mississippi la Januari 1861, ambalo linasema lenyewe kwamba msimamo wa jimbo hilo umefungamana kabisa na utumwa. Karibu watu milioni 4 walikuwa wakimilikiwa kama mali wakati huo, na pamba waliyoichuma ndiyo iliyokuwa utajiri wa Kusini.

Hapo nilimkatiza, kwa kuwa jambo hili linanihusu kama Mzanzibari. Pamba ya watumwa hao ilifumwa viwandani Massachusetts, ikaletwa Unguja kwa meli za bandari ya Salem ikiitwa merikani, ikabadilishwa kwa pembe za ndovu na sandarusi, na misafara ikaibeba hadi bara. Vita vilipoanza 1861 merikani iliadimika sokoni kwetu, na nguo za Waingereza na za kutoka India zikashika nafasi yake. Mzee yule alisimamisha gari ili asikilize vizuri.

Kituo kilichonigusa kuliko vyote ni nyumba ndogo nyeupe na ghala la Abraham Brian, mkulima Mweusi aliyekuwa huru na mwenye shamba lake mwenyewe. Jeshi la Robert E. Lee, jenerali wa Kusini, lilipoingia Pennsylvania mwaka 1863 lilikuwa likikamata watu Weusi, hata waliozaliwa huru, na kuwapeleka Kusini utumwani. Brian na familia yake walikimbia. Tarehe 3 Julai, siku ya tatu ya mapigano, askari wapatao 12,500 wa Lee walivuka uwanja wazi wakipigwa mizinga, na ubavu mmoja wa shambulio hilo ulifika karibu na ghala lake. Aliporudi alikuta nyumba imetobolewa na risasi na mazao yameharibiwa. Alidai fidia ya dola 1,028, akalipwa 15.

Tulimalizia makaburini, alipohutubia Lincoln tarehe 19 Novemba 1863. Wengi huja hapa kwa ajili ya hotuba hiyo ya dakika mbili hivi. Mimi nilitaka zaidi habari za Basil Biggs, Mweusi aliyeongoza kazi ya kufukua maiti za askari wa Muungano kutoka mashambani ili wazikwe kwa heshima. Na bado, askari Weusi wa mji huo waliopigania Muungano huo huo wengi wao wamelazwa kwenye makaburi mengine, Lincoln Cemetery. Nendeni na huko. Ni mwendo mfupi wa gari.

Saa mbili ni chache. Kama mna uwezo, ombeni ziara ndefu zaidi, kwa sababu siku tatu zilizoacha watu wapatao 51,000 wakiwa wameuawa, kujeruhiwa, kutekwa au kupotea haziwezi kuelezwa kwa haraka. Wekeni nafasi mapema, hasa mwanzoni mwa Julai watu wanapofurika. Mchoro mkubwa wa duara ulioko kwenye jengo la wageni unalipiwa tiketi, na unafaa kuutazama baada ya ziara kuliko kabla yake, maana mtakuwa mmeshazijua sehemu zilizochorwa. Watoto wa miaka 10 kwenda juu watafuata vizuri; wadogo zaidi watachoka kukaa garini.