A/T au M/T: tairi za pikapu inayofanya kazi uwanda wa Kano, Kisumu

Kwenye lami kati ya Kisumu na Ahero sina mjadala: A/T (all-terrain, tairi ya lami na njia mbovu) inashinda. Meno yake yamekaribiana, mpira mwingi unagusa barabara, na breki zinashika vizuri hata mvua ikinyesha. M/T (mud-terrain, tairi ya tope) hunguruma njia nzima, hunywa mafuta zaidi, na juu ya lami meno yake huisha upesi.

Sasa kata kona uingie mashamba ya mpunga wakati wa masika. Udongo mweusi wa Kano ukilowa hunata kama ugali mbichi. Unajaza nafasi ndogo za A/T mpaka tairi inabaki kipara, inazunguka papo hapo. Nafasi pana za M/T hulirusha tope hilo nje, na meno ya begani hushika kingo za mkondo wa magurudumu. (Tope likifika kwenye ekseli, achana na tairi, tafuta trekta.) Kupunguza upepo kidogo husaidia zote mbili, mradi uujaze tena kabla ya kurudi lami.

Anayepeleka mbolea shambani na kurudi mjini jioni, anunue A/T. M/T ni ya anayeshinda topeni.

Usichanganye A/T na M/T mbele na nyuma: mzingo wa tairi ukitofautiana, foo-wili (gari linalosukumwa na magurudumu yote manne) inaumia gia.

Kabla ya kulipa, soma ubavuni mwa tairi tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT, zinazoonyesha ilitengenezwa lini. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Ukiuziwa "mpya" ya 2017, irudishe kaunta.