Kozi ya tovuti Dodoma: dizaini mchana, kodingi jioni

Nimemaliza kozi fupi ya kutengeneza tovuti katika kituo kimoja cha hapa mjini (jina naliacha), na kwa kuwa watu wananiuliza inbox kama inalipa, naandika mara moja. Wakufunzi wanajua kazi. Tatizo ni mtaala: umekatwa vipande viwili na hakuna aliyepewa jukumu la kuviunganisha.

Ukienda kujiandikisha unaulizwa, "Dizaini au kodingi?" Ukitaka vyote, ada mbili. Mimi nilichukua dizaini. Tulikuwa tunaingia mchana: rangi, herufi, mpangilio wa ukurasa, kuchora kwa Figma, programu ya kuchorea kurasa. Wa kodingi wanaingia jioni, wengine wametoka moja kwa moja ofisini Mtumba, wanapewa HTML (inayobeba maandishi na muundo wa ukurasa), CSS (inayoupa sura) na JavaScript (inayoufanya uitikie mtumiaji). Mnapishana mlangoni, mnasalimiana, basi.

Darasa letu lilikuwa zuri, nisiseme uongo. Mwalimu, mama mmoja mkali kidogo, alikuwa anakurudishia kazi mpaka nafasi kati ya mistari ikae sawa. Mambo yaliharibikia kwenye kazi ya mwisho, tovuti ya muuza zabibu: sisi tuchore, wa jioni waandike.

Tuliagizwa kuchora ukurasa wa upana wa pikseli 1440, yaani skrini pana ya kompyuta. Nikapanga kadi tatu za bidhaa kwenye mstari mmoja, kila moja na jina la neno moja. Kijana wa jioni akaweka majina halisi. "Juisi ya zabibu isiyoongezwa sukari" ikachukua mistari mitatu, kitufe cha "Agiza" kikashuka, vya jirani vikabaki juu. Kwenye simu yake ya upana wa pikseli 360 ndiyo usiseme, kadi zilibanana hadi bei ikatoka nje ya fremu. Yeye alifuata mchoro, na mchoro ulikuwa wa skrini moja tu. Mtengeneza tovuti Ethan Marcotte aliandika kuhusu kurasa zinazojirekebisha kulingana na skrini tangu 2010! Na wateja wa hapa, kuanzia Majengo hadi Nkuhungu, wanafungua kwa simu na bando la kuhesabu. Nani anaanzia 1440?

Halafu rangi. Bei tuliziandika kwa kijivu #AAAAAA juu ya nyeupe. Darasani inapendeza sana. Toka nje saa saba mchana na jua la Dodoma, huoni kitu. Mwongozo wa WCAG, wa kufanya tovuti zisomeke na kila mtu, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa angalau 4.5 kwa 1, na kijivu kile kinatoa kama 2.3. Chrome yenyewe inakupimia hilo, lakini kipimo hicho hakikutajwa mchana wala jioni. Kila upande ulidhani ni kazi ya wenzao.

Kipindi nilichofaidi kuliko vyote hakikuwa hata kwenye ratiba. Mkufunzi wa jioni alituchanganya wote, akafungua CSS Zen Garden, tovuti aliyoianzisha Dave Shea mwaka 2003: HTML ni ileile, ukibadilisha faili la CSS unapata ukurasa mwingine kabisa. Kisha akafungua muuza zabibu wetu, akabonyeza F12 inayofungua zana za kuhariri ukurasa ndani ya kivinjari, akatuachia kipanya. Mimi, mtu wa kuchora, nikaongeza nafasi ndani ya kadi na kubadili ule mstari wa kadi tatu kuwa safu moja ya kushuka chini. Dakika chache tu. Kwa nini hiki hakikuwa kipindi cha kwanza, sijui.

Intaneti yao ni ya kuridhisha. Laptopu njoo na yako.

Kama hela yako inatosha upande mmoja, chukua kodingi, maana ukiwa na HTML na CSS unaweza kumkabidhi mteja ukurasa unaofunguka, wakati mchoro mtupu bado unahitaji mtu wa kuuandika. Ila kabla hujalipa, waulize kama kazi ya mwisho mnaifanya chumba kimoja na wenzenu wa dizaini. Wakianza kukueleza habari za ratiba, omba punguzo.